Ukoka uliokuwa ukioza kila masika

Ukoka nimeupanda mara tatu katika uwanja uleule wa mbele ya nyumba yetu, upande wa bondeni wa Tegeta, Dar es Salaam, na mara mbili za kwanza uliniozea kabla mwezi wa Mei haujaisha. Mara ya kwanza nililaumu miche. Mara ya pili nililaumu udongo, nikanunua malori mawili ya udongo mwekundu, nikautandaza juu ya ule wa zamani na kupanda upya. Masika yaliyofuata, ukoka ulianza kuwa wa manjano katikati ya Aprili, ukatoa harufu ya yai viza kila ulipokanyagwa, na mwisho wa mwezi niliweza kuuvuta kwa vidole viwili tu ukang'oka pamoja na mizizi myeusi isiyozidi urefu wa kidole. Fedha ya udongo ilikuwa imekwenda, na uwanja ulikuwa na hali mbaya kuliko nilivyoukuta. Tangu hapo nimetumia misimu kadhaa kuuchunguza uwanja huu badala ya kuununulia vitu, na ninaandika haya kwa sababu kila ninapotembelea ndugu na marafiki wakati wa mvua, iwe Mbezi, Mbweni au Kigamboni, ninakuta mtu anarudia makosa yangu yaleyale.

Kinachoua nyasi si maji yenyewe. Udongo wenye afya una nafasi ndogondogo kati ya chembe zake, na ndani ya nafasi hizo maji na hewa hupokezana: mvua inaponyesha maji huzijaza, kisha zile nafasi kubwa hujimwaga ndani ya saa chache na hewa ikarudi. Mizizi inahitaji hewa hiyo, kwa kuwa nayo hupumua. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, kwa kasi iliyo ndogo takriban mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani, kwa hiyo udongo uliojaa maji kwa siku nyingi ni sawa na chumba kilichofungwa madirisha yote. Hapo ndipo bakteria wasiohitaji oksijeni wanaposhika kazi. Baadhi yao huigeuza naitreti iliyomo udongoni kuwa gesi ikapotelea angani, na hiyo ni sababu mojawapo ya nyasi kupauka na kuwa za manjano. Wengine huigeuza salfa kuwa haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo harufu ya yai viza niliyoitaja. Mimi nilipoona manjano yale nilimwaga urea, tena mara mbili, nikidhani nyasi zina njaa. Sehemu kubwa ya nitrojeni ile naamini iliishia hewani au kwenye mtaro wa barabarani. Mwenye nyasi zilizopauka katikati ya masika asikimbilie mbolea. Achimbe kwanza, anuse udongo na kutazama rangi yake, na akikuta udongo wa kijivu au wa samawati wenye madoa ya rangi ya kutu, ajue kwamba mahali hapo hukaa na maji kwa muda mrefu kila mwaka.

Pwani yetu haipati mvua ndogo za kila siku zinazojigawa sawasawa. Dar es Salaam hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa huja katika masika ya Machi hadi Mei, huku Aprili ikiongoza, na nyingine katika vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mvua ya usiku mmoja inaweza kuwa sawa na ile ambayo nchi nyingine hupata kwa mwezi mzima. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, masika yakaifuata bila udongo kupata nafasi ya kukauka sawasawa, na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika pwani ya Tanzania. Katika miezi hiyo sikupanda jani hata moja. Nilivaa viatu vya mpira, nikachukua mwavuli na kalamu, na kila mvua kubwa iliponyesha mchana nilitoka kutazama maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Lakini kabla ya kueleza nilichokiona ni lazima nimtaje bibi mmoja, mwenyeji wa mtaa wetu, aliyekuwa akipita kwenda dukani siku nilipokuwa nimesimama langoni nikitazama dimbwi. Nilimwamkia, akaitikia, akalitazama dimbwi lile kwa muda kisha akasema, “Mwanangu, hapa mlipojenga palikuwa na majaruba yetu. Mpunga ulikuwa ukistawi bila shida, na maji hayakauki mpaka Julai.” Nilikuwa nimeishi hapo miaka sita bila kumwuliza mtu yeyote swali hilo. Mtu anayetafuta kiwanja katika mji unaokua kama huu angefanya vyema kuwauliza wazee wa mahali kabla ya kumwuliza dalali, na kwenda kukiona kiwanja hicho Aprili badala ya Septemba. Hata wakati wa kiangazi mimea hutoa ushahidi: matete, na ndago zilizosongamana wakati majirani hawana, ni dalili za ardhi inayokaa na unyevu. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ufukwe wa bahari, na watu wengi hulijua katazo hilo wakiwa tayari wamekwisha kujenga.

Sasa nirudi kwenye mvua. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba maji mengi yaliyokuwa yakituama uwanjani hayakuanguka uwanjani. Paa letu lina ukubwa wa mita za mraba 150 hivi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, kwa hiyo mvua ya milimita 60 hushusha lita 9,000 kutoka juu ya bati, na kwetu lita hizo zote zilikuwa zikimwagikia upande mmoja wa uwanja kwa sababu nyumba haikuwa na gata mbele. Uwanja wenyewe una mita za mraba kama 200, maana yake mvua hiyohiyo ilikuwa ikiuletea lita 12,000 za haki yake. Nyasi zilikuwa zikipokea maji yao na kubebeshwa karibu robo tatu nyingine juu yake, tena katika ukanda mwembamba ambao maji ya bati yalikuwa yameuchimba hadi kuwa kama kihori.

Jambo la pili lilikuwa ukuta. Sisi wakazi wa Dar es Salaam tunapenda kuzungushia ukuta, na mafundi wetu huujenga juu ya msingi usio na tundu hata moja, hivyo kiwanja kinageuka beseni. Maji yaliyokuwa yakipita kutoka juu kwenda bondeni tangu enzi za majaruba yanaingia kupitia langoni au chini ya ukuta wa jirani, yanafika upande wa chini, yanagonga tofali na kukaa. Kwangu yalikuwa yakiingia kwa wingi kutoka kwa jirani wa upande wa juu, ambaye alikuwa ametandika vitofali vya pevingi uani kote na kuacha matundu mawili yaliyoelekea kwetu. Nilikwenda kumwona, si kwa ugomvi. Nilimkaribisha aje atazame siku ya mvua, akaja na mwavuli wake, akatazama, na yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza tuchangie mfereji mmoja wa zege kando ya ukuta unaotutenganisha, utakaoyapeleka maji yake na yangu hadi mtaro wa barabarani. Mfereji huo, wenye upana wa sentimita 30 tu, ulipunguza madimbwi kuliko kitu kingine chochote nilichofanya baadaye. Nasikitika kwamba ulikuwa wazo la tano badala ya la kwanza.

Kisha nikachimba. Jaribio hili halihitaji mtaalamu: unachimba shimo lenye kina cha sentimita 30 hadi 40, unalijaza maji na kuyaacha yanywewe ili kuta zake zilowe, unalijaza tena, kisha unapima kwa rula maji yameshuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya sentimita mbili na nusu kwa saa, udongo huo hautoi maji vya kutosha. Nilichimba mashimo matatu, na hapa ndipo nilipojua kwamba nilikuwa na magonjwa matatu katika uwanja mmoja.

Shimo la karibu na mwembe lilishuka sentimita kumi na mbili kwa saa. Hapo udongo haukuwa na kosa. Nyasi zilikufa kwa kivuli na kwa yale maji ya bati. Shimo la katikati lilishuka sentimita moja tu, nikaendelea kulichimba kwa sururu ili kuona kuna nini chini. Nilikuta kwanza ule udongo mwekundu nilioununua, kina cha sentimita kumi na mbili hivi. Chini yake palikuwa na kifusi: vipande vya matofali, mabaki ya zege na udongo wa mfinyanzi, vyote vikiwa vimeshindiliwa na malori wakati wa ujenzi hadi kuwa vigumu kama barabara, unene wa sentimita 30. Na chini ya kifusi hicho, jambo lililonishangaza, palikuwa na mchanga wa asili wa kijivu uliokuwa na unyevu kidogo tu. Juu nyasi zilikuwa zinazama, na nusu mita chini yake ardhi ilikuwa na nafasi tele ya kupokea maji hayo ambayo hayakuwa na njia ya kuifikia. Shimo la tatu, karibu na lango, sikuhitaji kulipima. Nililichimba jioni likiwa kavu, na asubuhi nikakuta limejaa maji ingawa mvua haikunyesha. Hayo yalikuwa maji ya ardhini yaliyopanda, maji ya majaruba ya bibi.

Tofauti kati ya shimo la pili na la tatu ndiyo jambo ninalotamani kila mtu alielewe kabla ya kumlipa fundi. Maji yaliyozuiwa na tabaka gumu yanaweza kupewa njia ya kushuka. Maji yanayopanda kutoka chini hayawezi kushushwa, kwa sababu huko chini kumekwisha kujaa. Ukichimba shimo la kunyonya mahali pa namna hiyo, utakuwa umechimba kisima.

Katikati ya uwanja tulitoboa tabaka la kifusi. Kijana aliyenisaidia alikuja na mtaimbo na nyundo, akachimba mashimo membamba, upana wa sentimita 15, moja kila baada ya mita moja na nusu, hadi kuufikia mchanga wa asili, tukayajaza kokoto na kumalizia juu kwa mchanga mnene. Alitaka kufunika kokoto kwa udongo mwekundu ili pasionekane, nikamwomba asifanye hivyo. “Mama, nyasi zitaotaje kwenye mchanga?” aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki. Nyasi hutambaa juu ya kiduara cha mchanga chenye upana wa sentimita 15 bila taabu, ilhali udongo laini ukiwekwa juu ya kokoto huyashikilia maji mpaka ulowe kabisa ndipo uyaachie. Ni kosa linalowapata wengi: mtu humwaga tabaka la kokoto, akatandaza udongo juu yake na kupanda nyasi akiamini kwamba kokoto zitavuta maji. Hazivuti. Maji hayaingii kutoka kwenye vijinafasi vidogo kwenda kwenye nafasi kubwa mpaka tabaka la juu lishibe. Watengenezaji wa viwanja vya gofu huitumia tabia hiyo kwa makusudi, wakiweka mchanga wa sentimita 30 juu ya kokoto ili unyevu ubaki karibu na mizizi, na kanuni hizo zilitolewa na chama cha gofu cha Marekani mwaka 1960. Wao, hata hivyo, hutumia mchanga uliopimwa na kuchaguliwa, na chini ya kokoto huweka mabomba.

Kuhusu mchanga niseme jambo moja zaidi. Ushauri wa kuchanganya mchanga na mfinyanzi ili ulainike husikika kila mahali, nami niliufuata kwa viroba kumi na viwili katika kona moja. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi hauulegezi. Chembe za mfinyanzi huzijaza nafasi zote kati ya punje za mchanga, na kona ile ilipokauka Julai ilikuwa ngumu kuliko awali. Ili mchanga usaidie ni lazima uwe mwingi kuliko udongo wenyewe, gharama ambayo si ya mtu wa kawaida. Kinacholegeza mfinyanzi kwa bei nafuu ni mboji iliyoiva na muda: mboji huzishikanisha chembe ndogo zikawa mabonge yenye nafasi kati yake, na nyungunyungu huja kuila na kuacha vijia vinavyoingia chini. Mchanga wa ufukweni usitumike kamwe, kwa kuwa una chumvi na kuuchota kunaila pwani.

Kando ya msingi wa nyumba tulifunga gata, tukayaelekeza maji ya bati kwenye tangi la lita 5,000, na ziada inayofurika inapita ndani ya bomba lisilo na matundu hadi kwenye ule mfereji wa ukutani. Kisha tukausawazisha uwanja kwa mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita kutoka nyumbani kwenda nje. Jicho halifai kwa kazi hii, maana uwanja unaoonekana tambarare unaweza kuwa umeinamia nyumba. Fundi alitumia mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga, ule mafundi ujenzi wanaoutumia kupima usawa wa kuta, pamoja na vigingi na uzi, na alikuta kwamba sehemu moja iliyokuwa ikinisumbua ilikuwa chini kwa sentimita saba tu kuliko pembezoni mwake. Shimo la namna hiyo halihitaji mtaro. Unang'oa ukoka kwa mapande kama mikate, unajaza udongo uleule uliopo, unashindilia kidogo kwa mguu na kurudisha mapande yako.

Mtaro wa chini kwa chini tulichimba mmoja tu, mita 14, ukikata uwanja kwa mshazari juu kidogo ya eneo la lango. Kina chake ni sentimita 50 mwanzoni na kinaongezeka kwa sentimita moja kila mita. Ndani tulitandika kitambaa cha kuchujia, tukaweka kokoto za robo tatu ya inchi, bomba la inchi nne lenye matundu, kokoto tena, tukakikunja kitambaa juu yake kama sanda na kumalizia kwa mchanga mnene. Matundu ya bomba yalielekezwa chini. Wengi hushangaa wanapoyaona hivyo, lakini maji katika mtaro hupanda kutoka chini, na matundu yakiwa chini bomba huanza kuyabeba mapema. Bila kitambaa, udongo mwembamba huzijaza kokoto ndani ya misimu michache na kazi yote ikawa bure. Mwishoni mwa bomba tuliweka chemba ndogo yenye mfuniko ili tope litulie humo kabla maji hayajaingia mtaro wa barabarani, na chemba hiyo ninaisafisha mwenyewe kila Februari na kila Septemba. Kabla ya kuchimba tulihakikisha kwa mpira wa maji kwamba kitako cha mtaro wa barabarani kiko chini kuliko mwisho wa bomba letu. Mahali ambapo hakuna pa kumwagia palipo chini zaidi, mtaro wa aina hii ni kaburi la kokoto, na fundi anayeanza kuchimba bila kuuliza maji yataishia wapi asimamishwe hapohapo. Vilevile usiyaelekeze kwenye chemba za maji taka, wala uani kwa mtu.

Na tukiwa kwenye maji taka: ukiona sehemu moja ya nyasi imekolea kijani kibichi na kuota kwa kasi wakati kwingine zimepauka, na hapo panalowa hata wiki isiyo na mvua, usifurahi. Chunguza shimo la maji taka. Maji ya ardhini yanapopanda wakati wa masika, mashimo mengi ya pwani hushindwa kunywa, na yaliyomo hutafuta njia juu. Tatizo hilo halitibiwi kwa kokoto, na watoto wasiruhusiwe kucheza hapo mpaka litengenezwe.

Sehemu ya lango, ile yenye maji ya ardhini, tuliipandisha. Ndilo suluhisho lililotufaa mahali ambapo maji yanatoka chini: kuinua uso wa ardhi ili mizizi ipate walau sentimita 30 zilizo juu ya maji. Tulitumia udongo wa kichanga ulioletwa kwa lori, na safari hii kwanza tuliukwatua udongo wa zamani kwa uma wa bustani na kuuchanganya na mpya katika sentimita kumi za mwanzo, ili kusiwe na mpaka mkali kati ya tabaka mbili kama ule nilioutengeneza kwa udongo wangu mwekundu. Hata hivyo hatukuipandisha yote. Kiasi cha mita za mraba thelathini kilichobaki ni cha chini mno, na ningekipandisha ningeyasukuma maji yake kwa jirani wa bondeni.

Aina za nyasi nimezitaja mwisho kwa makusudi, kwa sababu watu huanza nazo. Ukoka wa kawaida, Cynodon dactylon, huvumilia kufunikwa na maji kwa siku chache, lakini hautaki kivuli na hautaki udongo ulioshindiliwa na kulowa kwa wiki nzima. Paspalum vaginatum, ambayo wauza miche huiita pasipalamu, huota yenyewe karibu na maji ya chumvi katika pwani nyingi za kitropiki na huvumilia unyevu na chumvi kuliko ukoka; hiyo ndiyo niliyoipanda upande wa lango. Chini ya mwembe nilipanda Axonopus compressus, yenye majani mapana, ambayo inapenda unyevu na haikasirikii kivuli. Kikuyu, ambayo ndugu zangu wa Arusha wanaisifu, ni ya nyanda za juu zenye baridi, na sioni sababu ya kuihangaisha katika joto la Dar es Salaam. Nyasi inayovumilia maji, lakini, huvumilia tu. Ukiipanda juu ya kifusi kilichoshindiliwa bila kurekebisha lolote, utakuwa umenunua miezi michache.

Matunzo ya baadaye ni machache. Uwanja uliolowa usikanyagwe, kwa kuwa udongo uliojaa maji hushindiliwa kwa uzito mdogo kabisa, na mechi moja ya mpira ya watoto siku ya mvua inaweza kuharibu kazi ya mwaka. Kwetu kamba ya kuanikia nguo ilihamishiwa nyuma, na njia ya kutoka mlangoni kwenda langoni ikawekewa vigae vya zege vilivyoachana. Wakati wa masika ninaacha nyasi zifike kama sentimita tano na sikati zikiwa na maji. Kila Juni, udongo ukiwa na unyevu lakini haushikani mkononi, ninatoboa uwanja kwa uma wa bustani, kina cha sentimita kumi, kila baada ya upana wa kiganja, na kufagilia mboji iliyochekechwa ndani ya matundu. Ni kazi ya jioni tatu au nne, na mgongo huuma, lakini sijaona pesa inayofanya kazi nzuri kuliko hiyo. Uchimbaji mkubwa wa mitaro ninaushauri ufanywe kati ya Juni na Septemba, wakati wa upepo wa kusi, ili nyasi zipandwe Oktoba na vuli izimwagilie kwa ajili yako.

Yapo pia maradhi. Anofelesi, mbu waenezao malaria, hupenda vidimbwi vya muda vyenye jua, na katika joto letu yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku kama saba hadi kumi na nne. Kwa hiyo kipimo changu si uzuri wa nyasi. Dimbwi lolote lililopo siku ya nne baada ya mvua kukatika ninaliandika kwenye daftari na kulifanyia kazi. Kati ya 1988 na 1996, serikali yetu kwa msaada wa Japani iliendesha mradi wa kudhibiti malaria katika miji ya Dar es Salaam na Tanga, na kurekebisha na kusafisha mitaro ilikuwa sehemu ya kazi hiyo, jambo linalonipa moyo kila ninapoinama na koleo kwenye mtaro wa mtaa. Aedes, mbu wa homa ya dengue, yeye hutaga kwenye vyombo, kwa hiyo tangi la maji ya mvua lifunikwe kwa wavu na gata zisiachwe na majani yaliyoziba.

Masika yaliyopita, mvua kubwa ya usiku ilipokatika alfajiri, katikati ya uwanja palikuwa pamekauka kufikia saa nne asubuhi, na upande wa mwembe mapema zaidi. Upande wa lango ulichukua siku mbili. Zile mita thelathini za chini kabisa zilibaki na maji hadi Julai, kama bibi alivyosema. Hapo sipandi tena nyasi. Nilimwomba bibi mbegu, akanipa machipukizi ya magimbi kutoka shambani kwake, tukayapanda pamoja katika matuta, na mifereji iliyo kati ya matuta nimeichimba ielekee kwenye chemba ili maji yawe yanatembea. Majani yake sasa yamefika kiunoni, na wiki ijayo anakuja kunionyesha yapi yamekomaa.